Munyu ya Wageni wa Heshima

Prof Cyprien Mugisho alikuwa mutu wa kunusa vitu. Wengine wakiingia kwako wanaangalia viti na picha za ukutani. Yeye alikuwa anafungua kifuniko cha bidon, ananusa, kisha anakuambia kwa adabu kama mafuta yako ya taa wameichanganya. Alifundisha kemia katika sekondari moja ya hapa Bukavu kwa miaka mingi, na vidole vyake vya mukono wa kuume vilikuwa na madoa meusi ambayo sabuni haikuweza kuyatoa. Dawa moja ya labo, chumba cha majaribio cha shule, ndiyo iliyomuchora vile. Watoto wa avenue yetu walisema shetani alimushika mukono akauunguza. Yeye aliwaambia ni kweli, na kama shetani alilia wa kwanza.

Alizaliwa Mudaka, kwa watu wa jembe, na masomo aliyapata kwa jasho la shangazi yake aliyeuza ndizi. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa sita kwa masista, na ninasoma na kuandika mpaka leo bila miwani ya mutu mwingine. Kwa hiyo aliponielezea kazi yake nilimusikia vizuri. Alikuwa na kitambaa kikubwa cha kutundika ukutani, kimeandikwa majina ya vitu vyote ambavyo Mungu alitumia kuumba dunia, vimepangwa nguzo kwa nguzo. Alisema kila nguzo ni familia. Ukishuka kutoka kwa muzaliwa wa kwanza kwenda kwa wa mwisho, damu ni ileile lakini tabia inazidi. Katika familia moja anayefuata anakuwa mukali kuliko kaka yake. Katika ingine anakuwa muzito, au mugumu wa kuachilia anachokishika. Vijana walimuchokoza njiani: "Prof, familia yetu sisi iko nguzo gani?" Naye aliwajibu kama yao haijaandikwa bado, wazungu wanaiogopa.

Vita ya kwanza ilipofika, ile ya mwaka 1996, askari waliokuwa wanakimbia walilala ndani ya labo yake. Walipasua viti vya watoto wakapikia. Walipotoka, watu wa muji waliingia nao, wakabeba kilichobaki: chupa, mizani, mapazia, makopo ya unga wa kila rangi. Bibi yake na watoto alikuwa amekwisha kuwapeleka Mudaka. Alikwenda kuangalia labo peke yake, akarudi na kitambaa chake begani na waya wa resho, lile jiko la umeme, mufukoni. Nilimukuta amekaa mbele ya mulango. Nikamupa pole. Aliniambia viti vinatengenezwa tena. Kinachomuogopesha ni kwamba watu wamepeleka nyumbani vitu ambavyo hawajui vinafanya nini.

Siku zile munyu ilikuwa imekosekana. Barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa. Magari yaliyoleta munyu kupitia Luberizi na Sange hayakupanda tena. Sokoni walipima kwa kijiko cha chai, na wauzaji walikuwa wanapangusa kijiko mara mbili ili chembe isibaki juu. Katika nyumba nyingi watoto walikula sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, chapwa, mama anawadanganya kama munyu inaharibu meno.

Ndipo akafa Muzee Apollinaire, jirani yetu, kwa uzee na kwa hofu ya mizinga. Aliishi na Georgette, mujane wa mutoto wake, na wajukuu. Georgette alikuwa mwanamuke wa maneno machache, mwenye mukono mwepesi jikoni. Katika parokia yetu, kilio au ndoa, yeye ndiye alipika. Tulimuzika muzee harakaharaka, na siku ya pili yake bashamuka wa avenue, wazee wetu wanaokata maneno, walikuja kukaa chini ya bâche, turubai la matanga, kama desturi inavyotaka. Aliyewaongoza alikuwa Papa Honoré, shefu wa avenue, mutu munene wa sauti nzito. Huwezi kumuweka shefu mbele ya chakula chapwa. Georgette aliuza kitenge chake cha Pasaka, akapata pakiti ndogo ya munyu kwa Joviale, muke mumoja aliyeuza kando ya soko la Kadutu.

Nilikuwa naye jikoni. Kile alichofanya wengi wetu tulikifanya wakati ule: munyu ikiwa kidogo, huiweki katika sufuria kubwa ikapotea. Unaiyeyusha katika kikombe cha maji ya moto, na unaimwaga juu ya sahani za wageni wa heshima mwisho kabisa, ili ulimi uisikie. Wenye nyumba wanakula bila. Na kwetu anayetoa chakula au kinywaji anaonja wa kwanza, watu wakimuona, ili kila roho itulie. Karuho, sumu yetu ile ya kuwekeana, hakuna mutu hapa asiyeiogopa. Basi Georgette alibeba sufuria mpaka mbele ya bashamuka, akachota sombe na sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa, akala, akameza. Wakatikisa kichwa. Akagawa katika sahani. Kisha akatwaa kikombe chake, akamwaga maji ya munyu juu ya kila sahani yao, taratibu, kama anayebariki.

Papa Honoré alisema munyu hii iko na uchungu kidogo. Mwenzake akamutania kama ulimi wake umesahau raha. Wakala yote.

Kabla jua halijafika katikati, walianza kutapika. Kwanza mumoja, akaomba radhi, tukasema ni tumbo lake. Kisha bâche nzima. Wengine walishika midomo, wanasema inawasha kama sisimizi. Papa Honoré alisimama aende nyuma ya nyumba na magoti yakamukatalia. Mutu munene vile alianguka polepole kama gunia lililotobolewa. Watoto wa nyumba walikuwa wanacheza. Georgette alikuwa muzima. Mimi niliyekula sufuria ileile nilikuwa muzima.

Gaston, ndugu mudogo wa Honoré, ndiye alisema maneno ambayo kila mutu alikuwa anayafikiri.

"Alionja, kisha akamwaga. Sisi wote tuliona. Alionja kwanza, halafu njo akamwaga."

Tuliona kweli. Walimushika Georgette mikono, wakamufungia katika nyumba ya mbao ya kuku, na wagonjwa wakabebwa mpaka kwenye santé ya chini, zahanati yetu, kwa muganga Déogratias. Gaston hakutaka kelele za mawe na matairi. Alikuwa na mupango mubaya kuliko ule: kwenye barrière ya askari wapya, kile kizuizi cha njia pale penye kona, walikuwa wamewaambia watu kama mwenye kosa kubwa aletwe kwao kabla saa ya kufunga njia haijafika. Aliyepelekwa pale hakuulizwa maswali marefu. Wawili wa avenue ingine walipelekwa wakati ule na hawakurudi. Gaston alisema atamupeleka Georgette jioni. Shefu peke yake ndiye angeweza kumukatalia, na shefu alikuwa amelala, hawezi kuinua kichwa.

Nilikimbia kwa Prof Cyprien. Nilikuwa na karatasi ya Georgette mukononi, na ndani yake munyu iliyobaki, kiasi cha kidole kimoja cha mutoto mudogo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunusa kitu safari hii. Aliimwaga munyu ile katika kiganja cha kushoto, na katika cha kuume akaweka chembe za munyu yangu mimi, niliyoificha katika fundo la kitenge tangu mbele ya vita. Akainua mikono kama mizani. Kisha akakaa chini.

"Maman Aurore," akaniambia, "hii iko nzito mubaya."

Nikamuuliza nzito vipi, munyu ni munyu. Akanionyesha vipande vidogo bapa vilivyong'aa kama magamba ya samaki, vimechanganyika na chembe za kawaida. Akauliza Joviale aliipata wapi. Nilijua, kwa sababu Joviale mwenyewe alijisifu sokoni: kijana mumoja alimuletea kopo kutoka labo, alikuwa amesoma juu yake neno chlorure, na katika kemia aliambiwa munyu ya jikoni ni chlorure. Joviale akaichanganya na munyu yake kidogo ya kweli ili ionekane nyingi.

Prof alifunga macho. "Ni mimi nilimuambia," akasema. "Nilimuambia na jina la pili, sodium, lakini la pili hakulibeba."

Tulishuka pamoja. Njiani aligonga kwa fundi wa magari akaomba maji ya batri katika kichupa. Kwa muke wa kanyanga, pombe yetu kali, akaomba ile ya kwanza kutoka, yenye kuwaka. Na katika choo cha parokia akachukua tone la asidi ya kusafishia. Watu walimuona na vichupa vile, wakafuata. Tulipofika santé, kulikuwa na umati mulangoni, na Gaston mbele yao, na ndani tulisikia wagonjwa wakiguna.

Prof alisema anaomba nafasi aonyeshe kilicho ndani ya munyu ile. Gaston alisema aonyeshe mbele ya wote, hapa, kwenye jua, si ndani kwa siri. Wakaleta kibao. Alimwaga kanyanga katika kifuniko cha kopo akaiwasha. Moto wake haukuonekana sana, wa buluu, wa aibu. Akasafisha waya wa resho katika asidi, akauchoma, akausafisha tena, mpaka moto haukubadilika rangi. Kisha akagusa munyu ya Georgette na kuingiza waya motoni.

Moto uliruka njano. Njano ya yai, ya nguvu.

Kikatoka kicheko kibaya nyuma yetu. Gaston alikuwa na mutoto aliyesoma kwa Prof.

"Si wewe ulifundisha mutoto wangu kama moto wa njano njo munyu?" akasema. "Alikuja kutuonyesha kwenye mbabula ya makaa, akachoma munyu ya mama yake yote. Sasa umetuonyesha mwenyewe. Munyu iko nzuri. Muke njo mubaya."

Umati ulisogea. Mutu mumoja alisema Prof anakula kwa Georgette, ndiyo maana. Prof alijaribu kueleza kama rangi ya munyu ni sawa na mulevi katika mukutano: akiwa mumoja tu, sauti yake inafunika ya wote, Joviale aliweka munyu ya kweli humo, na hiyo ndiyo iliyopiga kelele. Lakini alieleza haraka, na kwa Kifaransa nusu, na watu hawakutaka mulevi wala mukutano. Walitaka jina la mwenye kosa, na jina walikuwa nalo. Vijana wawili walianza kupanda mulima kuelekea kwenye nyumba ya kuku.

Ndipo akafanya kitu cha hekima. Hakuwaita. Alimwambia muganga Déogratias, aliyekuwa amesimama mulangoni na koti lake limechafuka, amupe glasi mbili na maji aliyochemsha. Alisema kwa sauti ya darasani, ile inayoshuka wakati wengine wanapanda, kama katika glasi moja ataweka munyu ya Maman Aurore, katika ya pili munyu ya Georgette, na Gaston mwenyewe atatia dawa. Kwa mukono wake mwenyewe. Mutu akisikia jina lake katika jambo anabaki kuangalia. Vijana wale wakasimama njiani.

Munyu zote mbili ziliyeyuka. Maji safi hapa, maji safi pale. Mutu asingeweza kutofautisha. Prof alikwisha kuyapunguza makali maji ya batri katika kikombe. Akamupa Gaston kijiti.

Gaston alitia matone katika glasi yangu. Hakuna. Maji yalibaki kama yalivyo.

Alitia katika ya Georgette. Pale tone lilipoanguka maji yaligeuka maziwa. Wingu jeupe lilishuka, likajaa, likafunika upande wa pili wa glasi. Gaston alirudisha mukono kama aliyeungua. Prof aliongeza maji mengi, mengi, mpaka glasi ikafurika, na ule weupe haukuondoka.

Muganga Déogratias alikuwa mutu wa masomo, si wa kudanganywa na rangi. Aliuliza kama si chokaa. Hapo wawili hawa walianza kuongea, na sisi wengine tulikuwa kama watoto mezani pa wakubwa, lakini nilishika. Prof alimwambia chokaa na hii iliyo katika glasi ni familia moja, nguzo ya pili ya kitambaa. Wa juu, magnésium, ukimupa ile sulfate iliyo katika maji ya batri, wanakaa pamoja ndani ya maji bila shida. Calcium, ndiye wa chokaa, anaanza kuing'ang'ania, lakini ukimwaga maji mengi anaachilia. Strontium anashika zaidi, na moto wake ungekuwa mwekundu. Wa chini, baryum, akishika sulfate haachi. Wanaanguka pamoja kama muchanga na maji yote ya muto Ruzizi hayawezi kuwatenganisha. Akarudisha waya motoni, ndani ya chumba chenye giza safari hii, muganga peke yake na mimi mulangoni, akaushikilia pale. Njano ikaruka, ikachoka, ikaisha. Nyuma yake ikabaki kijani, ya jani changa la mugomba.

Déogratias alitazama. Akasema, "Baryum tunanywesha watu hospitali wakipiga radio, ile picha ya ndani ya tumbo. Hawakufi."

"Ile njo sulfate," Prof akasema. "Imekwisha kushikana, tumbo haiwezi kuifungua. Hii ni chlorure. Iko inatembea ndani ya damu yao na inalegeza nyama. Itafika kwenye kifua. Uko na sulfate ya magnésie?"

Muganga alikuwa nayo. Ile unga ya kuharisha tumbo, kopo zima, ilibaki kwa sababu waporaji waliionja wakatema. Lakini alikataa. Na sikumulaumu, hata leo. Alisema wagonjwa hawa wanaharisha tangu muchana, wameishiwa maji, anawanywesha sérum kijiko kwa kijiko ili kuwarudishia. Sasa mutu wa chaki anamwambia awape dawa ya kuharisha. Wakifa litaandikwa jina la nani? Prof alijibu kama ndani ya tumbo lao magnésium atamuachilia sulfate bila kupigana, na baryum atamurukia, na vitaanguka pamoja kama vilivyoanguka katika glasi. Kuharisha kutakuwa njia ya kutokea. Muganga alisema tumbo si glasi. Prof alisema najua.

Kwenye kitanda cha kwanza Papa Honoré alikuwa anapumua juujuu, macho wazi, kidevu kimeanguka, na mukono wake ukining'inia. Nikamuinulia mukono ule nikaurudisha juu ya blanketi. Ulikuwa kama wa mutu aliyelala, lakini macho yalinifuata.

Gaston aliingia. Alikuwa amesikia. Alikuwa ameona glasi, na mashaka yalikuwa yameingia katika uso wake, lakini mutu akikwisha kusema neno mbele ya umati, ni vigumu kulirudisha kinywani. Alisema: sawa, wape. Lakini ndugu yangu akikufa na dawa yako, Georgette hatapanda barrière peke yake. Utamusindikiza.

Prof alijibu kama ni haki. Akachanganya unga ule katika jagi, akakoroga. Nikaona amekusudia kumunyanyua Honoré kichwa, nami nikamugusa bega. Nikamwambia, "Prof, onja."

Alinitazama kama aliyesahau yuko wapi. Maneno yake yote ya nguzo na familia, na alikuwa karibu kumunywesha mushamuka kitu mbele ya ndugu yake bila kukionja. Kama angefanya vile, hata Honoré angepona, pangebaki mutu wa kusema. Akajaza kikombe, kikubwa, akakiinua Gaston aone, akanywa chote. Gaston akasema cha pili, cha juu kilikuwa maji. Akanywa na cha pili. Uso wake ulijikunja kama wa mutoto mwenye kwinini.

Basi tukawanywesha. Wengine walitema, tukawapa tena. Muganga hakuacha sérum yake. Nyuma ya kikombe cha Prof alifuata na kijiko chake, kama wanawake wawili wanaogombania mutoto mumoja. Mpaka alipokufa Déogratias alisema sérum yake ndiyo iliyoponyesha watu. Prof hakumupinga hata siku moja.

Tulingoja. Mimi sijui kungoja kama kule. Kutoka dirishani niliona ziwa likibadilika rangi, na nilijua jua likigusa mulima wa upande ule, barrière itafungwa, na mutu wa kupelekwa lazima awe amekwisha kupelekwa. Patroli ya askari ilipita chini ya ukuta. Watu wa umati waliangalia viatu vyao wenyewe. Mukubwa wa patroli aliuliza kuna nini. Gaston alitazama ndani, akatazama kule juu kwenye nyumba ya kuku. Nilijua neno moja likitoka kinywani mwake, Georgette amekwisha. Akasema ni kilio, afande, watu wamekula vibaya. Mukubwa akasema kama kuna mwenye kosa wamulete mbele ya kufunga. Wakaendelea.

Ndani, wa kitanda cha mwisho alikaa. Alikuwa amekula kidogo kuliko wote. Akaomba maji, kisha akaanza kulalamika kama kitanda kina kunguni, na muganga alicheka peke yake, kicheko cha mutu aliyechoka. Mwingine akasema midomo yake haiwashi tena. Lakini Honoré hakubadilika. Alikuwa amekula sahani ya shefu, iliyojaa, na maji ya kikombe Georgette alimumwagia zaidi.

Vijana wa Gaston walimushusha Georgette. Sijui nani aliwatuma, labda hakuna. Walimufikisha mbele ya santé, kitenge cha matanga kichwani, manyoya ya kuku kwenye mabega. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama watoto wamekula. Jua lilikuwa limegusa mulima.

Gaston alikwenda kwenye kitanda cha ndugu yake, akapiga magoti, akasema kwa Mashi, nami ninageuza kwa Kiswahili: mukubwa wangu, muke iko nje, njia inafungwa, niseme nini? Prof alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameshika tumbo, rangi imemupotea. Nilifikiri ni woga.

Honoré alifunga mudomo. Kitu kidogo vile, kidevu kupanda na kufunga. Tangu muchana hakuweza. Akameza. Kisha mukono ule niliokuwa nimeurudisha juu ya blanketi ulitembea peke yake, ukashika shati la ndugu yake, na sauti ikatoka, si ile nzito, lakini ilikuwa yake.

"Aliuza kitenge chake," akasema. "Nilimuona sokoni. Akaninunulia munyu, batoto yake bakakula bila."

Gaston akasogeza sikio karibu.

"Mutu anapenda kukuua, anakupa munyu yake yote? Mwambieni aende kulaza batoto."

Gaston alikaa pale magotini kidogo, kisha akatoka. Aliwagusa vijana wale mikono, mumoja mumoja, nao wakaachilia. Umati ulipasuka kimyakimya, kila mutu anakumbuka ghafla ana sufuria motoni. Wachache walimwambia Georgette pole, wengi walipita. Hakuna aliyemuomba radhi siku ile, na kwa muda murefu baadaye, alipopika mahali, kuna waliosema wamekwisha kula nyumbani. Prof alimuokoa kutoka kwa barrière. Lakini midomo ya watu, hakuwa na dawa yake.

Walimutafuta Prof. Wagonjwa walitaka kumushika mukono, muganga alitaka kumupa kiti, hata Gaston alisimama mulangoni na kofia mukononi, anatafuta maneno. Hakuwa ndani. Vikombe viwili vya sulfate ya magnésie, katika tumbo la mutu muzima asiyekuwa na baryum ya kukamata chochote, vilikuwa vimefanya kazi yao. Alikuwa katika choo cha santé, nyuma ya migomba, na kila mara mutu alipomuita kwa heshima alijibu, "Ninakuja," na hakuja.

Georgette ndiye alichota maji katika beseni, akachukua kipande cha sabuni kwa muganga, akakwenda kusimama kwenye njia ya choo, mbali kidogo, amegeuza uso upande mwingine kama inavyofaa. Alisimama pale mpaka giza likaanza kuingia. Prof alipotoka, ameshikilia suruali na muti wa mugomba, alimukuta.

"Maman Georgette," akasema, "usicheke, tafazali."

Naye akacheka. Alicheka mpaka beseni likatikisika na maji yakamumwagikia miguuni, na Prof alinawa kwa yale yaliyobaki.